Homa ya Biwi la Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, wa nyuma wasije wakasingizia hawakusikia.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke mmoja kijana aitwaye Siwema alichomoa fimbo kutoka kwenye biwi la takataka, akaigusisha shavuni.

Fimbo ilikuwa baridi.

Mtauliza, mtu mwenye akili zake anaweka fimbo ya takataka shavuni ya nini? Ngojeni.

Katika kijiji hicho watu na wanyama walilima pamoja, na kila mwaka kabla ya mvua walichoma mashamba. Moto ulipendeza, majivu yalipendeza, ila mahindi yalizidi kufupika. Mwaka wa kwanza mahindi ya Siwema yalimfika begani. Mwaka wa pili, kiunoni. Mwaka wa tatu, magotini, tena ya manjano. Mwaka wa nne Siwema akakataa kuchoma.

Alikuwa amesoma shule ya kilimo ng'ambo ya mto, na huko alifundishwa kutengeneza mboji: tabaka la mabua makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, maji kidogo, kisha unarudia mpaka biwi likufike kifuani. Katikati unachomeka fimbo ndefu. Ukiichomoa ikiwa ya moto, mboji inaiva. Ikiwa baridi, biwi limekosa hewa, na lazima ligeuzwe: la ndani litoke nje, la nje liingie ndani.

Basi kila asubuhi alichomoa fimbo, akaigusisha shavuni, akaandika kwenye daftari. Kijiji kizima kilimcheka.

"Mgonjwa ameamkaje?" Mbuzi aliuliza kila akipita.

"Ana joto zuri," Siwema alijibu, maana hakujua kutaniwa.

"Mpe uji, shoga!"

Jumbe Jogoo yeye hakucheka. Alivimbisha kifua akasema, "Shamba lisilochomwa linafuga panya. Nitakuja Jumatano, saa tatu kamili, niipime fimbo hiyo mwenyewe. Ikiwa ya moto, lima utakavyo. Ikiwa baridi, tunachoma mabua yako yote na shamba namkabidhi Nyani. Nyani hana maswali."

Sasa ni Jumanne, na fimbo ni baridi. Biwi lina hatua kumi na mbili kwa urefu, na Siwema ana mikono miwili na uma mmoja.

Alikwenda kwa Ng'ombe.

"Shikamoo, Mama Ng'ombe. Biwi langu limepoa. Naomba twende tukaligeuze."

"Marahaba, mwanangu. Samadi ile niliitoa mimi, na kazi yangu niliimaliza siku ile ile. Sasa unataka niirudie?"

Alikwenda kwa Mbuzi.

"Mbuzi, biwi langu limepoa. Naomba twende tukaligeuze."

"Mgonjwa amepoa?" Mbuzi akashika ndevu. "Basi pole kwa msiba! Mazishi saa ngapi?" Akaenda zake akicheka hadi akakohoa.

Alikwenda kwa Ngiri, ambaye alikuwa amejilaza mlangoni pa shimo lake pamoja na mkewe na watoto wao sita.

"Shikamoo, Mzee Ngiri. Biwi langu limepoa. Naomba twende tukaligeuze."

Ngiri akainua masikio. Lazima mjue kwamba katika kijiji hicho viazi vitamu vya sherehe havikupikwa sufuriani. Vilifukiwa kwenye udongo wenye moto, vikafunikwa majani na mabua, vikaachwa vifuke mvuke. Wapishi walivichoma kwa fimbo kuvipima, na vilipopoa wakavifukua. Kwa wiki tatu Ngiri alikuwa akipita kwa Siwema asubuhi, anaona mvuke, anaona fimbo, anameza mate.

"Limepoa, eh?" alisema taratibu. "Na chini kuna nini?"

"Mabua, majani na samadi."

"Na viazi?"

"Hamna viazi, Mzee."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Naapa."

Ngiri akamkonyeza mkewe. "Pole sana, binti. Mgongo unanisumbua."

Siwema akarudi, akashika uma, akaanza peke yake. Kufika saa saba mchana alikuwa amegeuza hatua moja kati ya kumi na mbili. Akakaa chini akalia, kama dakika nne hivi, kisha akachukua ndoo akaenda kisimani.

Aliporudi, aliona vumbi limetanda shambani. Katikati ya vumbi kulikuwa na mikia minane imesimama wima. Ukoo mzima wa Ngiri ulikuwa umepiga magoti ya mbele, kama wafanyavyo wakichimba, unafukua biwi kutoka upande huu kwenda upande ule, mabua yanarushwa nyuma, samadi inarushwa nyuma.

"Mzee Ngiri! Mnafanya nini?"

"Tunapita tu!" alijibu Ngiri, mdomo umejaa samadi.

Siwema akafungua mdomo apige kelele. Halafu akatazama vizuri. La ndani lilikuwa linatoka nje. La nje lilikuwa linaingia ndani. Akafunga mdomo. Lakini kunyamaza kabisa hakuweza.

"Mzee, humo hamna viazi."

"Ndivyo unavyotaka tuamini! Chimbeni, wanangu!"

"Kweli hamna. Ila kama mnachimba, kona ile ya kushoto mmeiruka."

"Mmesikia? Kona ya kushoto!" Ukoo mzima ukakimbilia kona ya kushoto.

"Na samahani, naomba ninyunyize maji kidogo, limekauka."

"Anatutia matope tukate tamaa! Tumekaribia! Ongezeni mwendo!"

Kufika saa kumi na moja na nusu jioni biwi zima lilikuwa limehama, limetifuka kama godoro jipya, na Siwema akaichomeka tena fimbo yake katikati. Ngiri akakaa chini, samadi imemfika masikioni.

"Binti."

"Abee."

"Humu hamna viazi."

"Nilikwambia, Mzee."

"Ulisema, lakini ulisema kama mtu mwenye viazi."

Kesho yake, Jumatano, saa tatu kamili asubuhi, Jumbe Jogoo alifika, nyuma yake Nyani na kijinga cha moto mkononi. Siwema alichomoa fimbo, akailaza chini. Jumbe hana shavu la kupimia, basi akaikanyaga kwa mguu mmoja.

Aliruka hadi juu ya uzio, akawika, na saa ya kuwika ilikuwa imeshapita zamani.

"Ya moto!" alipaza sauti, ameukunja mguu tumboni. "Nyani, zima hicho kijinga. Lima utakavyo, binti. Lima utakavyo!"

Walipoondoka, Siwema aliokota fimbo, akaigusisha shavuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akafungua daftari akaandika: *Siku ya ishirini na moja kuanzia leo, kugeuza tena.* Akatafuna kalamu. Akatazama upande wa shimo la Ngiri, akawahesabu kwa vidole: baba, mama, watoto sita. Juu ya mstari ule akaandika mwingine: *Siku ya ishirini, fukia viazi vinane.*

Hadithi yangu naifukia hapo. Mwenye njaa aje aifukue.