Mzee Mwinyikai na Nyumba Iliyokataa Kunukia

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni. Mwenye kikohozi akae karibu na mlango, mwenye usingizi akae karibu nami nipate kumfinya. Hii ninayowapa sikusimuliwa na mtu. Niliiona kwa macho yangu haya mawili, nimejilaza juu ya dari, natazama chini kama mjusi. Mkiniuliza siku hiyo nilikuwa na umri gani, nitawaambia wenyewe waliokuwepo hawakuniuliza, kwa hiyo na nyinyi nyamazeni.

Hapo kale, kale ile ambayo kuku walikuwa bado wanapiga hodi kabla ya kuingia jikoni, palikuwa na kijiji. Na kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mwanamke akijifungua, siku zake arobaini za uzazi hukaa kwa mama yake. Huko ndiko anakokandwa kwa maji ya moto, huko ndiko anakopikiwa uji wa pilipili manga. Lakini kabla hajaingia, shangazi mkubwa wa upande wa mume huja kuinusa nyumba. Anasimama kizingitini, anafumba macho, anavuta pumzi. Akisema "Aje", mzazi na mtoto wake wanaletwa. Akigeuka bila neno, basi. Mzazi atabaki ukweni, na bibi mzaa mama atakwenda kumtazama mjukuu kwa hodi, kama mgeni, anywe maji, ashukuru, arudi kwake.

Sasa, alikuwepo Bi Mwatime. Mjane. Mumewe, Shamte, alikuwa mwamba ngoma, na msimu wa mavuno alikufa ghafla, mchana, kisu cha kuparia ngozi kikiwa mkononi. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Mishi, naye alikuwa ameolewa upande wa pili wa kijiji. Tangu Shamte azikwe, Bi Mwatime hakufungua dirisha la chumbani. Alikula peke yake, alilala peke yake, alijibizana na paka. Mishi alipojifungua mtoto wa kike, Bi Mwatime alihesabu kwamba arobaini hiyo ndiyo itakayomrudisha duniani. Usiku alikuwa akikunja mikono kifuani na kuitikisa polepole, hivi, hivi, kama mtu aliyepakata kitu.

Mishi akatuma neno: "Mama, Shangazi Sikudhani atakuja kunusa keshokutwa. Nakuomba, safisha nyumba. Wewe hujui, lakini inanuka."

Kweli hakujua. Mtu na harufu ya nyumba yake ni kama mtu na mkoromo wake. Akamwita jirani: "Njoo uniambie." Jirani akatia kichwa, akakitoa upesi.

"Mwenzangu, humu mmelala na mbuzi?"

"Sina mbuzi."

"Basi mwambie atoke hivyo hivyo."

Bi Mwatime akafagia. Fyagi, fyagi, fyagi. Akakandika upya sakafu ya udongo. Akafukiza ubani mpaka moshi ukatoka kwenye makuti kama nyumba inaungua. Harufu ikatulia kidogo, kisha ikarudi, imevaa ubani juu.

Ndipo akapita mchuuzi mmoja, Dilunga, mtu wa maneno mengi, amebeba mtungi uliozibwa kwa nta, na mikono yake imefungwa vitambaa.

"Mama, nimelisikia tatizo lako tangu njia panda."

"Nani amekuambia?"

"Pua. Humu mtungini mna maji makali, yamechemshwa na watu wa mbali kwa mawe ya rangi ya manjano. Mwaga kijiko kimoja tu, funga mlango, ulale nje. Kesho nyumba itakuwa imesahau hata jina lake."

"Na mikono yako ina nini?"

"Baridi," akasema Dilunga, na jua lilikuwa linawaka.

Bi Mwatime akamwona mwongo. Lakini akamwona pia mjukuu wake. Akampa pishi la mpunga, akachukua mtungi. Kijiko kimoja kingetosha, hata mchuuzi mwenyewe alisema. Yeye akamwaga wote. Chwaa sakafuni. Chwaa kutani. Chwaa, chwaa, chwaa chini ya kitanda, na huko akamwaga zaidi ya kwingine kote.

Asubuhi paka alikuwa amehama. Jogoo alikanyaga kizingiti, akapiga chafya, chyaa, akasahau kuwika siku nzima.

Shangazi Sikudhani akaja na kanga zake mbili mpya na kinywa chake cha siku zote. Akasimama kizingitini. Akafumba macho. Akavuta pumzi. Machozi yakamchuruzika mpaka kidevuni.

"Mkwe wangu," akasema akikohoa, "nimekuja kunusa nyumba, nawe umenipiga ngumi ya pua."

"Ni usafi, mkwe."

"Usafi gani unaoliza? Mimi nina miaka yangu, nimekula moshi wa kuni tangu utotoni, na kifua kimenibana. Yule mtoto mapafu yake hayazidi majani ya mchicha. Na chini ya huo ukali wako," akavuta pumzi tena, kidogo, kwa hofu, "bado kuna mbuzi."

Akageuka. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya ila mdomo wake tu, akasimama uani. "Nitapita tena keshokutwa, magharibi haijaingia. Nikigeuka mara hiyo, usinilaumu."

Bi Mwatime akaketi juu ya kinu kilicholala, kanga mdomoni. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akitikisa mikono yake polepole, hivi, hivi, na haikuwa na kitu.

Hapo ndipo Mzee Mwinyikai alipompita, akamwona, akarudi nyuma.

Huyu Mwinyikai ndiye ninayetaka mumkumbuke. Alikuwa mpishi wa karamu, mtu wa masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umemla pua. Hakusikia harufu ya kitu chochote, si waridi, si shombo. Watoto walimtania: "Babu, nimekujambia," naye alijibu, "Ahsante, mwanangu, umejitahidi." Na huyohuyo ndiye aliyeitwa kila nyumba iliposhindikana kwa uvundo. Mnashangaa nini? Ninyi kwani fundi wa nguo huvaa zote anazoshona?

"Shikamoo, babu," akasema Bi Mwatime.

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nyumba yangu inanuka, na mjukuu wangu hataingia."

"Inanuka wapi?"

"Kote."

"Hakuna kitu kinachonuka kote. Nyie wenye pua mnaisikia harufu, mnaipiga vita hewani. Mimi siisikii, kwa hiyo inanilazimu niutafute mji wake." Akavua kofia. "Kwanza tumfukuze huyu mgeni wa mtungini."

Akaanza. Kitu cha kwanza alichofanya, alikwenda kwenye dirisha la chumbani, akalipiga bega. Kwaa. Likafunguka, vumbi la miezi likaruka, upepo ukaingia kama mtu aliyekuwa akisubiri nje. Bi Mwatime akashtuka, akajikinga uso kwa kanga.

Wakamwaga maji matupu, ndoo juu ya ndoo, mpaka macho yakaacha kuwasha. Mikeka ikatoka juani, mito ikatoka juani, kanga za sandukuni zikatoka juani. Milango na meza Mzee akasugua kwa makumbi ya nazi na majivu yaliyochekechwa, shwaka, shwaka, shwaka. Palipokuwa na mafuta ya zamani akapaka nusu ya ndimu, akaiacha ifanye kazi, akafuta. Sinia la shaba akalisugua kwa ukwaju mpaka Bi Mwatime akajiona uso humo, akaona namna alivyokonda. Mbao za kabati zilizoota ukungu akazifuta kwa siki ya tembo la mnazi. Pembeni akaweka vyungu vya mkaa uliopondwa. "Huu haunukii," akasema. "Kazi yake ni kumeza."

"Na udi je? Na mrehani?"

"Ngoja. Kanzu safi haivaliwi juu ya jasho."

Kisha akamwambia Bi Mwatime anyamaze. Akasimama katikati ya chumba, kimya, kichwa kimeinama. Mimi huko darini hata kumeza mate sikumeza.

Vuuu. Nzi mmoja. Vuuu. Wa pili. Vuuu, wa tatu, naye hakugusa sinia, hakugusa ndimu, akapita moja kwa moja chini ya kitanda.

Bi Mwatime akaenda akakaa kitandani. Pwaa, kwa uzito wake wote.

"Hapo pameshasafishwa," akasema.

"Nani kasafisha?"

"Mimi. Nimemwaga mtungi mzima."

"Ndiyo maana nauliza, mwanangu. Mtu hamwagi mtungi mzima mahali asipojua pana nini."

Mzee akaketi sakafuni, miguu yake mirefu ameinyoosha, kama mtu mwenye siku nzima. Nzi wakaendelea. Vuuu.

"Ni ngoma," akasema Bi Mwatime mwishowe. "Alikuwa ameianza. Mzinga ameuchonga kwa mfenesi. Ngozi ya mbuzi alikuwa ameipara upande mmoja tu. Walipokwenda kumzika niliiviringisha nikaisukuma huku pamoja na mzinga wake. Mvua ikinyesha inavuta unyevu. Najua. Nilikuwa sijui kama inanuka, lakini nilikuwa najua." Akashika ukingo wa kitanda. "Babu, nikiitupa hiyo nitakuwa nimemtupa yeye. Na nisipoitupa, mtoto haji. Sasa nifanye nini?"

"Nani aliyekuambia itupwe?"

Bi Mwatime akamtazama.

"Mimi sina pua," akasema Mzee Mwinyikai, "lakini Shamte namjua. Nimepika karamu ngapi ngoma zake zikilia nje? Mtu yule hakuacha kazi nusu maishani mwake. Hii haikuoza, imekwama tu. Sogea."

Akasogea.

Wakaitoa ngozi uani. Ilikuwa ngumu kama ubao, upande mmoja laini, upande mmoja bado una mafuta na manyoya, na hapo ndipo mbuzi wote wa majirani walipokuwa wanaishi. Wakailoweka katika maji ya majivu usiku kucha. Asubuhi Mzee akamkabidhi Bi Mwatime kisu kilekile cha kuparia.

"Para wewe."

"Mimi sijui."

"Umelala na mwamba ngoma miaka yote hiyo, unaniambia hujui?"

Akapara. Kisu kiliteleza mwanzo, kisha mkono ukakumbuka alichokuwa akikiona kila siku. Kwaru, kwaru, kwaru. Manyoya yakatoka, mafuta yakatoka. Wakaisuuza kwa maji safi, tena na tena, wakaimalizia kwa maji ya ndimu. Wakaiwamba juu ya mzinga ingali mbichi, wakaikaza kwa vigingi, wakaiacha juani. Mahali ilipokuwa, chini ya kitanda, wakapasugua kwa majivu, wakaacha upepo wa dirisha upite.

Ndipo Mzee akaruhusu mambo ya kunukia. Akachemsha mchaichai na maganda ya chungwa na karafuu chache katika chungu kidogo, mvuke ukatembea chumbani. Akaweka kishada cha mrehani dirishani. Bi Mwatime akataka kuongeza.

"Basi," akasema Mzee. "Hii ni nyumba, si pilau."

Dilunga naye akapita, anataka mtungi wake. Mzee akamkamata mkono, akafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imechubuka mpaka nyama. Hakumtukana. Akampaka mafuta ya nazi, akamfunga kwa kitambaa safi.

"Na wewe ulikuwa unajua," akamwambia.

"Nina watoto, Mzee."

"Nyuma ya nyumba yangu ndimu zinaoza chini. Kauze hizo."

Akaenda na kapu.

Magharibi haijaingia, Shangazi Sikudhani huyo. Akasimama kizingitini. Akafumba macho. Akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu. Bi Mwatime alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Sisikii kitu," akasema Shangazi.

Bi Mwatime akateleza na nguzo kuelekea chini.

"Usianguke, mkwe, sijamaliza. Sisikii mbuzi. Sisikii ngumi. Nasikia upepo, na kwa mbali kama mrehani." Akafungua macho. "Hivi ndivyo nyumba inavyotakiwa iwe. Sasa nani ataniendea kumwita mzazi? Miguu yangu imechoka na nyumba yako."

Bi Mwatime akatoka uani. Ngoma ilikuwa imekauka, imejikaza, imeng'aa. Akaweka kiganja juu yake, akakaa kidogo hivyo. Kisha akapiga.

Ndii.

Sauti ikatoka nzito, ikapita juu ya paa, ikapita juu ya mihogo.

Ndii. Ndii. Ndii.

Upande wa pili wa kijiji, Mishi alikuwa ananyonyesha. Akainua kichwa. Hakuna aliyekuwa akiwamba ngoma zenye sauti ile isipokuwa mtu mmoja. Hakuuliza shangazi amesema nini. Akamfunga mtoto kifuani, akashika njia, na machozi, na kicheko, na mama mkwe anamkimbilia nyuma na mwavuli.

Na mikono ya Bi Mwatime, safari hii, ilipotikiswa hivi, hivi, ilikuwa imejaa.

Mzee Mwinyikai alikwisha ondoka. Hakungoja hata kahawa. Lakini mpaka leo kijijini kule, nyumba ikinuka, hawakimbilii cha kumwaga. Wanafungua dirisha, wanatafuta inakotoka, na wakikuta ni kitu mtu alichoshindwa kukiacha, wanaketi naye kwanza.

Mafunzo ni hayo. Ukitaka nyumba yako inukie, toa kinachonuka kwa maji, majivu, ndimu na jua, kisha uitie harufu kidogo tu. Na kama kinachonuka kimeshikana na moyo wa mtu, usikitupe bila kumuuliza.

Hadithi yangu naitua hapa, mgongo umechoka. Yote niliyowaambia ni kweli tupu, niliyaona mwenyewe huko darini. Ila yule jogoo aliyepiga chafya. Huyo, nawaambia ukweli, nimemtunga.

Alikuwa kuku jike.