Pembe ya Mke Mwenza

Paukwa, wasikilizaji wangu, pakawa kiunga kipana kisicho na safu wala mpaka, migomba imekumbatiana na mikilua. Mwenyewe alikuwa Bi Mwanasha, mjane, na binti yake wa pekee alikuwa taabani kwa homa.

Masika yalipokatika, jini akaaye katika kisima cha kiunga akamtokea, akamwambia, "Zunguka kiunga chote, usiache pembe. Jani litakalobaki bichi kiganjani mwako ndilo dawa."

Bi Mwanasha akazunguka. Akachuma mchaichai, ukawa majivu. Akazunguka mara ya pili, akachuma jani la mpera, likawa majivu. Kila alipofikia pembe ya mashariki aliipita bila kutazama, kwani hapo marehemu Bi Rukiya, mke mwenzake, alipanda mrihani, naye hakuutilia maji tangu siku ya mazishi.

Mara ya tatu akasikia binti akiugua ndani ya nyumba. Akaenda pembe ya mashariki, akasimama penye magugu, akasema kwa unyonge, "Hodi, mke mwenzangu."

"Karibu!" ikajibu sauti kutoka majanini. "Miaka saba wapita mlangoni pangu umekunja uso, kama hujapata kula wali wangu!"

"Nimekosa, dada. Niwie radhi."

"Nimekuwia. Chuma upesi, mtoto wetu anaungua."

Akachuma, jani la mrihani likabaki bichi kiganjani, akampikia binti dawa. Jioni ile binti akatoka jasho, akaomba uji.

Tangu hapo, kila masika yakatikapo, Bi Mwanasha huanzia matembezi yake pembe ile, kata ya maji mkononi, na hupiga hodi pasipo mlango.

Lililo jema humu tugawane. Lililo baya niachieni mimi.