Mtoto wa Behewa la Nyuma

Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura kubishana na fisi, ni zamani za juzi tu, treni zilipokuwa zimeshajua kupanda milima, palikuwa na mwanamke wa Pemba akiitwa Asumini. Mumewe, Kombo, alikuwa mpishi wa hoteli huko Uswisi, juu mlimani, mahali ambapo watu wazima na akili zao hujifunga mbao miguuni wakateleza kwenye theluji, wakianguka wanacheka. Msinitazame hivyo. Kila watu na starehe zao.

Kipupwe chote Kombo alikuwa juu kazini, na Asumini alikuwa chini mjini na binti yao Zuhra, mtoto wa miaka minne. Kila asubuhi Zuhra alichungulia mlima dirishani akauliza, "Baba yuko kwenye ule weupe?" Mpaka Asumini akachoka kujibu, akasema, "Basi, twende tukamwone."

Na Asumini hakuwa peke yake. Alikuwa na mimba kubwa. Ndiyo maana mama yake, Bi Rehani, alikuwa ametoka Wete kuja kumwuguza. Alikuwapo pia Saumu, dada yake Kombo, mwenye gari. Lakini gari likikata kona Asumini alitapika, basi wakagawana: mizigo na Saumu kwa barabara, wengine kwa treni.

Asubuhi ya safari Zuhra akavishwa nguo za theluji za buluu, kofia ngumu, miwani mikubwa, skafu mpaka puani. Ukimweka katikati ya watoto wengine wa theluji, hata aliyemzaa hamjui. Bi Rehani akamvua zote. Akamzungushia kanga yake nyekundu kifuani, akafunga fundo, ndipo akamvisha tena.

"Mama, hizi nguo zinatosha," Asumini akacheka.

"Za dukani zinazuia baridi ya nje. Ya ndani anaijua bibi yake."

Pindo la kanga likabaki limechomoza shingoni. Asumini akalisokomeza ndani. Likachomoza tena. Akaliacha.

Sasa treni ile ilikuwa na tabia ambayo wengi wetu hatujaiona. Ikifika stesheni ya njia panda, inakatwa katikati. Mabehewa ya mbele yanapanda mlimani, ya nyuma yanashika bonde jingine kabisa. Kipaza sauti kilitangaza, kikarudia. Lakini Asumini alikuwa amefumba macho anapigana na kichefuchefu, na Bi Rehani alikuwa anasali adhuhuri, ameketi kitini.

Zuhra akafungua kopo la vitumbua. Akataka kula, akakumbuka. Bibi yake alikuwa amemfundisha: usile mbele za watu bila kuwakaribisha. Akainuka na kopo lake. "Karibu," akamwambia mtu wa kiti cha mbele. "Karibu," akamwambia wa pili. Wengine walitabasamu, wengine waligeukia dirishani. Akavuka mlango, behewa la pili. "Karibu." Akavuka mlango mwingine. "Karibu."

Bi Rehani alimwona akitoka. Lishikeni hilo, tutalihitaji. Alimwona, akasema moyoni, nikitoa salamu nitamwita. Alipotoa salamu, treni ilikuwa imekwisha kusimama, imekwisha kukatwa, na inaondoka.

Asumini akafumbua macho. "Mama, Zuhra yuko wapi?"

"Amekwenda kukaribisha watu."

Asumini alikimbia na tumbo lake behewa hadi behewa, akiita. Akafika mlango wa mwisho. Umefungwa. Nyuma ya kioo hapakuwa na behewa tena, palikuwa na reli na theluji tu.

Akampigia Saumu, na maneno hayakumtoka vizuri. Alilia kilio ambacho kila mzazi anakijua hata kama hajawahi kukilia. Na humo ndani ya kilio, mama yake amemshika bega, Saumu yuko kwenye simu anasikia, akatamka: "Ee Mola wangu, yeyote atakayenirudishia mwanangu mkononi, jina la huyu aliye tumboni ni lake, atampa atakalo."

Mnajua mambo ya nadhiri. Ukiiweka moyoni, ni siri yako na Mungu. Ukiitamka mbele za watu, imekwisha kuwa deni. Na jina si jambo la mchezo. Zuhra alipewa jina na upande wa baba, kwa hiyo mtoto wa pili ilikuwa zamu ya upande wa mama. Bi Rehani alikuja na jina tayari, la Salima, binti yake mdogo aliyemfia kwa homa. Sasa kwa neno moja la Asumini zamu ile ikawa ya yeyote.

Kondakta akawapigia wenzake wa treni ya bonde. Jibu likarudi: watoto wa nguo za buluu ni wengi, darasa zima la kuteleza limeshuka njiani. Yupi?

"Mwambie ana kanga yangu," akasema Bi Rehani. "Nyekundu. Imechomoza shingoni."

Simu ikasema: ndiyo, kuna mtoto wa kitambaa chekundu, ameshuka kituo kidogo na bibi mmoja mzee. Lakini theluji imefunika reli nyuma yao. Hakuna treni itakayokwenda wala kurudi leo.

"Wifi, usilie," Saumu akasema kwenye simu. "Nitajie hicho kituo."

Saumu hakuwa amewahi kufunga minyororo kwenye magurudumu, ile ya kuzuia gari lisiteleze thelujini. Aliifunga, ikafunguka, akaifunga tena huku vidole vinakufa ganzi. Magari mengine yalikuwa yanageuza. Dereva mmoja akateremsha kioo, akampungia mkono arudi. Saumu akasoma dua zote anazozijua, na alipozimaliza akaanza upya, akaivuka peke yake njia ya juu ya mlima, inayoteremkia bonde lile. Kwenye kona moja gari lilimshinda, likabusu ukuta wa theluji, kioo cha pembeni kikabaki hukohuko. Hakushuka kukitafuta.

Na huko kituoni? Kulikuwa na Bi Klara, mzee wa nchi ile. Yeye ndiye pekee katika behewa lile aliyepokea kitumbua, akala, akaomba kingine. Zuhra alipoanza kulia "Mama", Bi Klara hakuelewa neno jingine, ila hilo halina tafsiri. Akataka kumrudisha mtoto kwa treni inayogeuka. Akashuka naye mahali asipokwenda. Treni ya kugeuka haikuja, chumba cha abiria kilikuwa kimefungwa, na theluji ikaanza upya. Bi Klara akafungua koti lake, akamwingiza mtoto ndani, akaketi kwenye benchi. Hivyo ndivyo Saumu alivyowakuta. Koti moja, vichwa viwili, na kopo tupu.

Jioni ile, jikoni kwa Kombo, Saumu akafika nao wote wawili, akamweka Zuhra mkononi mwa Asumini, naye akamshika mwanawe asitake kumwachia hata baba yake. Chai ikanywewa. Ndipo ikajulikana kwamba Bi Klara alikuwa njiani kwenda kumzika dada yake. Mazishi yalifanyika wakati yeye yuko kwenye benchi.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Siku ya saba wakakusanyika wote, Bi Klara naye akaja na kofia ndogo aliyoifuma mwenyewe. Saumu akatangulia kusema, maana huyo hana subira.

"Wifi, niliisikia nadhiri yako kwa masikio yangu. Uliyesema atakurudishia mwanao mkononi, ni nani? Mkono uliomweka Zuhra mkononi mwako ni huu. Mama yetu, Bi Kazija, alizikwa Pemba mimi na Kombo tuko huku, hatukutupa hata konzi ya mchanga. Nataka kuita jina lake nyumbani nikaitikiwa. Jina ni langu."

Bi Rehani akatikisa kichwa. "Umemleta, mwanangu, sikatai. Ungemleta kutoka wapi, kama si kanga yangu? Ungefika mwisho wa bonde unazunguka na watoto wa watu. Na huyu mzee alimjua Zuhra kwa sababu ya nini? Kwa kitumbua. Nani alimfundisha mtoto kukaribisha?"

"Na nani alimwona akitoka, mama?" Saumu akauliza, kwa upole, na upole ule ulichoma zaidi.

Bi Rehani akasema, "Mimi. Nimeililia sala ile kuliko sala yoyote. Lakini zamu ilikuwa ya kwetu kabla ya nadhiri, na Salima wangu hana mtu mwingine wa kumrithi jina. Jina ni langu."

Bi Klara hakuelewa kinachobishaniwa. Kombo akamfasiria. Mzee akapunga mikono: hapana, hapana, mimi sidai kitu. Asumini akamwuliza, "Na kama ungepewa, ungemwitaje?" Bi Klara akatazama kile kitoto, akasema, "Verena." Lilikuwa jina la dada yake.

Asumini akamgeukia mumewe. Kombo akasema, "Usinitazame mimi, mke wangu. Kinywa kilichofunga ndicho kitakachofungua."

Nanyi msinidanganye kwa kuniambia apewe yote matatu. Vyeti vina nafasi, lakini mtoto akichelewa kurudi jioni anaitwa kwa jina moja. Asumini alijua hilo. Alimtazama mama yake, aliyemfunga mtoto kanga na akamwacha atoke. Alimtazama wifi yake, aliyevuka mlima kwa ajili ya damu yake, jambo ambalo labda shangazi anapaswa kulifanya hata bila ahadi. Alimtazama mgeni, ambaye hakupaswa kufanya lolote, hakuisikia nadhiri, na dada yake alifukiwa bila yeye.

Zuhra akaingia na sahani ya vitumbua, akaanza kukaribisha. Bibi, karibu. Shangazi, karibu. Bi Klara, karibu. Alipofika kwa mama yake akamchungulia mdogo wake. "Na huyu nimkaribishe kwa jina gani?"

Asumini akafungua mdomo, na wote watatu wakautazama. Mimi nilihadithiwa mpaka hapo. Basi semeni ninyi mliokaa kitako mnanisikiliza: je, nani alistahili, na yule mtoto aliitwa nani?