Maziwa ya Bi Ghaziya

Wametusimulia waliotutangulia kwamba paliondokea mkulima wa mitende, mcha Mungu, jina lake Mundhir. Mkewe alifariki dunia akijifungua mtoto wa kiume, Allah amrehemu, na kichanga kikabaki mikononi mwa bibi yake mzaa baba.

Jirani yao, Bi Ghaziya, alikuwa akinyonyesha, akaja siku ile ile kujitolea. Mundhir akamshukuru, akamwomba asubiri kidogo. Watu wa zama zile waliamini kwamba mtoto hunyonya tabia pamoja na maziwa, na Bi Ghaziya, licha ya wema wake wote ule, alikuwa na sauti ya kusikika hadi kisima cha mtaa wa pili. Mundhir alimtakia mwanawe maziwa yaliyo bora kabisa. Nani atamlaumu? Ni mapenzi ya mzazi.

Akazunguka siku mbili. Mnyonyeshaji wa kwanza, Mundhir alimwona mvivu wa swala, wa pili mwepesi wa hasira. Wa tatu hakumpata na kosa, ila moyo haukutulia. Nyumbani, bibi alimdondoshea mtoto maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, naye akiyatapika.

Siku ya tatu akafika kijiji cha mbali kwa Bi Lubaba, aliyehifadhi Qur'ani yote na kusifiwa na kila mtu. Mwanamke yule akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza mtoto amenyonya nini tangu azaliwe. Mundhir akainamisha kichwa.

"Ndugu yangu," akasema Bi Lubaba kwa upole, "mtoto hakukuomba mama aliye bora kuliko wote. Amekuomba maziwa. Rudi kwa yule aliyekuja mwenyewe."

Akarudi mbio, akiomba maghufira njia nzima. Mlangoni akasita, maana ndani hapakuwa na kilio. Alipoingia akamkuta Bi Ghaziya ameketi, na mtoto kifuani ananyonya kwa pupa.

"Nimemchukua bila idhini yako," akasema, na siku hiyo sauti yake ilikuwa ya chini. "Asubuhi sikumsikia tena akilia, nikaogopa. Nisamehe."

"Wa kusamehewa ni mimi, dada yangu," akajibu Mundhir, akaketi sakafuni akalia.

Mtoto akakua, alhamdulillahi, na sauti ya mama yake wa kunyonya akairithi kamili. Akawa mwadhini. Kila alfajiri adhana yake ilivuka mitende hadi vijiji vya jirani, na mzee Mundhir akitabasamu huku akipapasa makubadhi yake, viatu vya ngozi alivyozungukia siku zile tatu.

Kutafuta kilicho bora si dhambi, ndugu zangu. Ila tunapochagua, tutege sikio: huenda kuna anayelia njaa.