Kwa Nini Hondohondo Huita kwa Sauti Kuu

Leo hondohondo akipita juu ya mashamba, hata aliyejifungia ndani humjua. Lakini ulikuwapo wakati ndege huyu aliishi msituni na hakuna aliyeijua sauti yake.

Wakati huo ndege walikutana kila asubuhi kwenye mkuyu kula matunda, na ilikuwa desturi mtu asidonoe kabla ya kusalimu. Hondohondo alisalimu kwa sauti yake siku moja tu. Alipofungua mdomo, tawi lilitikisika na kuyu zikamwagika chini.

"Jamani, nani anakata mti?" Kasuku aliuliza.

"Si mti, ni huyu bwana anatuamkia," Kunguru alijibu. "Ndugu yangu, kesho tuamkie ukiwa kwenu. Tutasikia tu."

Wakacheka mpaka wakakosa pumzi. Hondohondo naye alicheka, asionekane ameumia. Kuanzia hapo alikaa karibu na Njiwa, akajifunza kuguguma, kulia taratibu kama yeye. Ilimchukua msimu mzima na koo lilimuuma, lakini hakuchekwa tena.

Kwa sauti hiyo ya kuazima alimposa Sikuzani, binti wa hondohondo wa bonde la pili. Sikuzani alimjibu kwa upole uleule, wakaoana. Mume alijiona mwenye bahati, na hofu ikamzidi: siku mke atakapoisikia sauti yenyewe, atarudi kwao.

Ulipokaribia wakati wa kutaga, walifuata mila ya ukoo. Sikuzani aliingia katika tundu la mti mlimani, wakaziba mlango kwa udongo, mke ndani na mume nje. Ulibaki ufa wa kupitishia chakula.

"Nyoka nao hujua kugonga mlango," Sikuzani alisema kabla ya kuzibwa. "Nisiposikia sauti yako, sitoi hata ncha ya mdomo."

Hakuwa ametaga bado, siku wakulima walipochoma majani bondeni. Upepo uligeuka, moto ukapanda mlima. Hondohondo alirudi mbio, matunda yamemjaa kooni. Alitua mbele ya ufa, akaguguma kama Njiwa. Moto ulinguruma hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akagonga udongo. Ndani, Sikuzani akatulia tuli, akidhani ni nyoka.

Njiwa alipita juu akikimbia. "Bwana, mti unashika moto! Okoa roho yako, utaoa mwingine!"

Hondohondo aliutazama ufa. Akiita kwa sauti yake, huenda mke asimtambue. Au atamtambua na kumwacha. Akiendelea kuguguma, hatabaki na mke wa kumwacha.

Alitema matunda, akajaza kifua, akaita.

Sauti iliupita mngurumo wa moto, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. "Sikuzani! Ni mimi mumeo! Hii ndiyo sauti yangu! Toka, moto!"

Mara mti wote ukatetemeka kutoka ndani kwa sauti nyingine, nzito kuliko yake.

"Kumbe na wewe! Siku zote hizi najibana koo nikidhani utanikimbia! Gonga huko, mume wangu, nami nagonga huku!"

Wakaubomoa udongo, huyu kwa nje na yule kwa ndani, mpaka Sikuzani akatoka. Moshi ulikuwa umefunga msitu. Waliruka wakiitana wasipotezane, na ndege wengine waliokuwa wakizunguka hovyo moshini wakaifuata sauti hiyo, wakatokea kileleni salama. Kasuku alikuwa akikohoa.

"Endelea kuita, bwana mkubwa," alisema. "Bado wanangu wawili hawajafika."

Hondohondo aliita mpaka wote wawili wakafika.

Toka moto ule hakuna hondohondo aliyeguguma tena. Hadi leo dume humziba mkewe ndani ya mti kwa udongo, na anapomletea chakula huanza kuita angali mbali, bonde zima likasikia. Kwa hiyo mkiwasikia wawili wakijibizana mlimani asubuhi, msiseme wanagombana. Hao wanajuana.