Utarudisha Lini?

Wapendwa, mfikirieni msichana mmoja wa darasa la tano, siku vita vilipofika kijijini kwao. Baba ameuawa asubuhi. Mama anafunga sufuria na unga kwenye kitenge, mara anamwona binti amekumbatia kitabu.

"Tupa hicho, ubebe maji."

"Siwezi, mama. Ni cha maktaba. Natakiwa kukirudisha Ijumaa."

"Shule yenyewe imeungua, mwanangu. Utamrudishia nani?"

Mtoto akabeba maji, na kitabu akakifunga mgongoni kama anavyobebwa mtoto mchanga. Walitembea siku sita hadi kambini.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha sayari, kina picha ya Zohali na pete zake. Basi, hakuna zaidi. Lakini watoto wa kambi ile, wakisikia ndege tu, walijitupa chini. Mbingu kwao ilikuwa kitu cha kuogopa. Wakaanza kuja kuazima ili waitazame upya. Na yule binti, kwa kuwa ndivyo mwalimu wake alivyomfundisha, hakumpa mtu kitabu kabla hajamwandika kwenye karatasi ya mwisho: jina, na siku ya kurudisha. Mtoto aliyezika ndugu zake wawili anasema, "Niandike Alhamisi." Mimi nikilifikiria hilo, mwili unanisisimka. Nani alimwambia kutakuwa na Alhamisi?

Mama yake, kwa upande wake, alikuwa amelala mkekani mwezi mzima. Chakula hagusi. Ukimsemesha, anakujibu, "Niacheni, mimi nimeshaisha." Wanawake wenzake wakaanza kunong'onezana kwamba huyu tutamzika.

Asubuhi moja watoto wamepanga foleni, wakageuka, wakamwona yule mama amesimama nyuma kabisa, kajishika kwenye nguzo ya hema. Zamu yake ikafika. Binti hakujua kupendelea.

"Utarudisha lini?"

Tangu mumewe auawe hakuwahi kutaja siku yoyote iliyo mbele yake. Foleni nzima ikamsubiri.

"Jumatano," akasema.

"Jumatano ipi, mama?"

"Ya wiki ijayo."

Binti akaandika huku machozi yanamtoka. Na mchana ule mama akaomba uji.

Sisi je? Sisi tunaolala kwa amani, "Mungu akipenda" tunaisema kwa mazoea tu, na moyoni tulishakata tamaa zamani. Tunakiri ufufuo wa siku ya mwisho, lakini kuamini Jumatano kunatushinda. Na tukishakata tamaa sisi, tunawanyima na watoto. Mimi mchungaji wenu ni wa kwanza. Kabati la vitabu vya watoto pale nyuma nimelitia kufuli mwaka wa tatu sasa, nikihofia watavichana.

Leo tukimaliza ibada nalifungua. Waleteni. Vikichanika, vichanike.