Maji ya Kwanza ya Ndiva

Sogeeni. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imeshagombanisha watu wenye akili kuliko mimi na ninyi. Shemeji yangu mmoja aliisikia siku ya sikukuu, akaondoka kabla wali haujapakuliwa, na mpaka leo tukikutana tunasalimiana kwa mbali. Msije mkasema sikuwaonya.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja cha milima ya Upare. Wa kwanza ni Nakundwa, naye alikuwa na kipaji cha kinywa: akisema neno, hata anayemchukia alimsikiliza mpaka mwisho. Wa pili ni Kallaghe, naye alikuwa na kipaji cha mikono: alifinya udongo kidogo tu akajua kama utashika maji au utayaacha yapite. Wa tatu ni Mbazi, naye alikuwa na kipaji cha mwili: mabega mapana, pumzi ndefu na mgongo usiojua kuchoka. Mbazi hakuzaliwa pale. Alikuja kuoa, akabaki, akalima shamba la kuazima.

Kijiji hicho kiliishi kwa ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, lililojengwa kwa mikono ubavuni mwa mlima. Kijito hulijaza polepole, kisha kizibo hung'olewa na maji yakateremka kwa mfereji mpaka mashambani. Hakuna mtu anayeweza kuijenga ndiva peke yake, wala kuitunza. Ndiyo maana kulikuwa na msaragambo: baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na siku hiyo hakuna anayegusa shamba lake. Msidhani walipendana sana. Walisengenyana kama watu wa popote. Lakini baragumu likilia walikwenda, na huko kwenda ndiko kulikowafanya kijiji. Bila hivyo wangekuwa nyumba zilizokaribiana tu.

Sasa sikilizeni walivyoharibu.

Kijiji kilikuwa na koo mbili, ukoo wa juu na ukoo wa chini. Siku moja ya msaragambo ilikuwa zamu ya watu wa ukoo wa juu, ukoo wa Kallaghe, kuziba ukuta. Kule kwa ukoo wa chini binti wa Nakundwa, Naetwe, mtoto wa miaka minne, akafa kwa homa. Mtu akatumwa kupeleka habari. Pale kijijini kuna mwiko: udongo wa ndiva ukishaloweshwa hauachwi, kwa sababu ukikauka kabla ya kushindiliwa, ukuta wote unapasuka. Aliyekuwa akiongoza kazi ni Kallaghe. Akasema, "Tumalize kipande hiki, kisha twende wote msibani." Wakamaliza. Waliposhuka, miguu imejaa matope hadi magotini, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Mjomba wa marehemu akawatazama kuanzia miguuni. "Mmekuja kuzika," akauliza, "au mmekuja kunawa?"

Lilikuwa kosa la watu waliotaka kutimiza mambo mawili kwa pamoja, na kosa la namna hiyo halisameheki kirahisi, kwa sababu hakuna anayeona kwamba amekosa. Tangu siku hiyo baragumu likilia, watu wa chini wanakaa ndani. Watu wa juu nao wakasema hawawezi kumchotea maji mtu aliyelala. Miaka mitatu ndiva haikuguswa. Ukuta ukafanya nyufa, panya wakachimba, na asubuhi moja wakaikuta tupu.

Kisha mvua ikakatika. Vuli haikuja kabisa, na masika yakawa manyunyu ya siku nne. Wengi wakala mbegu walizoweka za kupanda, wachache wakazipanda kwa manyunyu yale. Wakaanza kufa wazee, wakafuata watoto wachanga. Msiniulize wangapi. Hata mimi ninayesimulia naona uzito kutaja.

Ndipo Nakundwa akapanda juu. Yule aliyestahili kuombwa radhi ndiye aliyekwenda kuomba. Alipiga hodi kwa Kallaghe mchana kweupe, watu wote wakimwona.

"Karibu, Mama Naetwe," alisema Kallaghe kwa mazoea, kisha akashtuka na kushika kinywa.

"Niite hivyo hivyo. Ndilo jina langu."

"Ndani hamna kitu, mama. Tuna majani ya kuchemsha tu."

"Basi nimekuja kula majani."

Wakala sahani moja. Kwa watu wale, wenye kinyongo hawachangii sahani, na kila mmoja alijua maana yake. Nakundwa alipomaliza alimtazama mikononi. "Mikono hiyo ilikuwa na matope siku ile," alisema. "Nimeichukia miaka mitatu. Sasa naihitaji." Akatoka hapo akazunguka nyumba hadi nyumba, juu na chini, siku saba, huku tumbo lake likinguruma. Kwa watu wa chini ndiko alikotukanwa zaidi. Kaka yake wa kuzaliwa alimwambia, "Umemuuza marehemu kwa maji." Nakundwa akamjibu, "Marehemu hanywi, kaka. Wanaokunywa wako hapa." Alirudi nyumbani akalia mpaka sauti ikapotea. Siku ya nane baragumu lililia, na watu wa juu na wa chini wakatoka na majembe. Bila Nakundwa, asingetoka hata mmoja.

Lakini watu wakishakusanyika, je? Walisimama mbele ya ukuta uliobomoka, na udongo wake ulikuwa umegeuka vumbi. Ndiva huzibwa kwa udongo wa kichuguu uliotwangwa na kukaa miaka mingi, na vichuguu vilikuwa kwenye tambarare, mwendo wa siku mbili kwa mtu aliyeshiba. Pale hapakuwa na aliyeshiba. Kallaghe akazungukazunguka, akafinya huku na kule, akatikisa kichwa. Kisha akashika jembe akaenda nyumbani kwake. Nyumba ile baba yake aliijenga kwa udongo wa kichuguu, ukuta unene wa dhiraa moja, na kijijini hapakuwa na nyingine kama hiyo. Akawatoa watoto nje, akatoa magodoro, akapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe.

"Hata ukuta wa chumba cha watoto?" mkewe akauliza.

"Huo ndio mzuri zaidi."

Yule mama alichukua kapu akaanza kubeba. Maji ya kulowesha udongo yalitoka katika mitungi ya kunywa, kila nyumba bakuli moja, na Kallaghe akaukanda kwa miguu yake na kuushindilia mwenyewe kwa siku kumi na mbili. Watoto wake walilala chini ya majani ya migomba, na baridi ya mlimani haina adabu. Mdogo wao kifua kikambana, akawa hawezi kupiga hatua tatu bila kuketi. Bila Kallaghe, wale watu wangesimama mbele ya vumbi mpaka watawanyike.

Ndiva ikaanza kujaa, tone kwa tone. Siku ya tisa, jua la saa sita, maji yalikuwa yamebakiza shubiri moja kufika ukingoni. Mawe ya pembeni mwa kizibo yakalegea. Maji yakatafuta njia, shimo likawa la ngumi, mara likawa la kichwa. Watu wakapiga mayowe. Mbazi hakupiga mayowe. Aliruka ndani, akapiga mbizi, akaketi akiegemeza mgongo kwenye shimo, na maji yakasimama. Alibaki amekaa hivyo, maji yakimfika kidevuni, huku wenzake wakijaza mawe na udongo kwa upande wa nje.

"Toka, shemeji!" Kallaghe alimlilia. "Ukuta unasogea!"

"Nikitoka, na maji yanatoka."

Ukuta ulisogea, lakini haukuanguka. Ulimwegemea. Walipomaliza kuziba na kumvuta nje, mbavu zake zilikuwa zimevunjika upande mzima. Alilala siku tatu. Siku ya tatu alimwita mkewe, Namsifu, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Imeshika?" akamuuliza.

"Imeshika, baba."

"Haya." Hakusema tena. Kaburi lake lilichimbwa na watu wa juu na wa chini, wakipokezana majembe, na Nakundwa ndiye aliyeongoza kilio. Bila Mbazi, wangebaki na ukuta mzuri na ndiva tupu.

Hapo mnaweza kudhani hadithi imekwisha kwa uchungu wake na mazuri yake. Bado.

Kijiji kile kina desturi. Ndiva ikijengwa upya, maji ya kwanza hayagawanywi. Yanapewa shamba la mtu mmoja, yule aliyeijenga ndiva kuliko wenzake. Miaka ya neema ilikuwa heshima tu. Mtu anapigiwa vigelegele, anamwagiliwa maharage yake, basi. Mwaka ule haikuwa heshima. Kijito kilikuwa chembamba mno, na ndiva ingehitaji siku tisa nyingine kujaa. Maharage yalikuwa kwenye maua, yamenyauka, na kila mkulima aliyeyatazama alijua hayafiki keshokutwa. Karibu mashamba yote yalikuwa yameshakufa. Yalibaki matatu, la Nakundwa, la Kallaghe na la Mbazi. Wenye miguu walikuwa wakijifunga mizigo kushuka tambarare kutafuta chakula. Nyumba tatu hizo zisingeweza kushuka. Nakundwa alikuwa na kichanga kilichokonda mpaka shingo haisimami. Kallaghe alikuwa na yule mtoto wa kifua. Namsifu alikuwa karibu kujifungua.

Naona kuna mwerevu ameshafungua mdomo: wagawane maji! Ngoja, mwanangu. Mfereji ulikuwa mkavu tangu ndiva ikauke. Wenyewe unakunywa kabla ya shamba. Ukigawa mafungu matatu utalowesha mfereji, basi, na mashamba yote yatabaki vumbi. Mwingine atasema, mmoja amwagilie kisha wale pamoja. Shamba moja lingelisha nyumba moja hadi mvua. Ukilishia nyumba tatu, utachimba makaburi katika nyumba tatu. Watu wale hawakuwa wajinga. Walishayapima hayo yote kabla yako.

Asubuhi watu wakakusanyika ndivani. Mgawa maji wa kijiji, mtu mpole aitwaye Senkondo, alishika kizibo kwa mikono miwili. Akawaita watatu waseme, na kwa Mbazi akasimama Namsifu.

Nakundwa alisema kwanza. "Mnanitazama mkidhani nitasema wapewe wenzangu, kwa kuwa nilisamehe. Nilisamehe, ndiyo. Kusamehe hakushibishi. Nilikula sahani moja na mtu aliyechelewa kumzika mwanangu, ili ninyi mkutane hapa. Wa pili sitaki kumzika. Nayataka maji."

Kallaghe alisema akitazama chini. "Siku ile nilisema tumalize udongo, nimelipia neno hilo kwa nyumba yangu. Watoto wangu wanalala nje. Na niwaambie jambo jingine, si kwa kutisha: ufundi huu niliachiwa na baba, na sijapata kumfundisha mtu. Mwanangu akifa hapa, sitabaki hapa. Nitaondoka na mikono yangu."

Namsifu akasogea mbele. Mtu mmoja wa nyuma akanong'ona kwamba shamba lenyewe ni la kuazima, na marehemu halimi. Namsifu akamsikia. "Kweli," alisema, "marehemu halimi. Alikuwa mgeni kwenu miaka yote, na siku ya kufa mkamwita ndugu. Mimi nauliza tu. Huyu aliye tumboni, akizaliwa, mtamwita nani?"

Kaka yake Nakundwa akatazama pembeni. Mke wa Kallaghe alikuwa amembeba mtoto wa kifua, na mtoto akakohoa mpaka kila mtu akamsikia.

Senkondo akasema, "Jua linapanda. Maji haya yanakauka, na mimi nasubiri nini?"

Hapo ndipo mimi nilipoachiwa hadithi na aliyenisimulia, na hapo ndipo ninapowaachia. Bila kinywa cha Nakundwa hapana watu. Bila mikono ya Kallaghe hapana ukuta. Bila mwili wa Mbazi hapana maji. Haya, njoo wewe uliyekuwa na jibu tangu mwanzo, shika kizibo badala ya Senkondo. Shamba la nani linywe?

Na ukishachagua usiniambie mimi, mimi siko kwenye njaa ile. Wageukie wale wawili uliowanyima, uwaambie machoni. Sema taratibu, wasikie vizuri. Maana ukuta wa ndiva bado mbichi, wiki ijayo utataka kushindiliwa tena, na utapiga baragumu ukiwangoja hao hao watoke na majembe. Je, wewe ungempa nani, na unadhani nani angetoka?